Jinsi ya kuficha namba na majina kwenye picha ili mtu asije akafunua

Kuna siku nilimtumia jamaa yangu picha ya cheti anisaidie kukiangalia, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa nikazipitishia ile kalamu nyeusi ya kuediti picha kwenye simu, nikapaka mara mbili mara tatu mpaka pakawa peusi tii, nikajua kazi imeisha. Dakika tano hazijafika ananiandikia, "Kaka, hii namba inayoishia na 46 ndo unayotumia siku hizi?" Nikadhani ananitania. Kumbe alichofanya ni kufungua picha kwenye simu yake, akavuta mwanga mpaka mwisho, akavuta na vivuli, namba ikajitokeza yenyewe kijivu ndani ya weusi kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya. Kalamu niliyotumia ilikuwa ile ya kukolezea maandishi, hailaita, rangi yake haizibi kabisa, hata ukirudia mara tano kuna tofauti ndogo inabaki pale chini, jicho lako halioni ila pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, zinajua.

Sasa toka siku hiyo nikawa mbishi kidogo kwenye hili jambo, na nimeona watu wengi wanarudia kosa langu kila siku, wanafunika halafu wanaamini wamefuta. Hapa naeleza navyofanya mimi. Natumia GIMP, programu ya kuediti picha kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux, ila kama una Photoshop au Paint au unatumia simu tu usikimbie, utaratibu ni ule ule, vitufe tu ndo vinatofautiana, na ya simu nitaigusa huko chini.

Kabla hujashika programu, itazame picha kwanza

Hii hatua watu wanairuka halafu ndo inayowaumiza. Wewe unaona jina na namba, unafunika jina na namba, umemaliza. Ila karatasi moja inarudia taarifa zako sehemu tatu nne. Chukua pasipoti. Ule ukurasa wenye picha yako, kule chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na alama za < < < inayoonekana kama uchafu wa mashine, kila mstari una herufi 44. Ule wa pili unaanza na namba ya pasipoti yenyewe, inafuata namba moja ya uhakiki, halafu herufi tatu za uraia, halafu tarehe yako ya kuzaliwa ikianza na mwaka, na mbele kidogo tarehe ya pasipoti kuisha. Nimeshaona mtu kafunika namba ya juu vizuri kabisa, kwa mstatili mzito, halafu kaiacha ile mistari miwili wazi. Hapo ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Msimbo wa mistari (barcode) na ule wa QR nao ni maandishi, tena yanasomwa kwa simu yoyote. Ukiacha nusu ya QR inaonekana usijidanganye, misimbo hiyo imetengenezwa isomeke hata ikiharibika kiasi, kuna kiwango kinachovumilia mpaka kama asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Funika yote.

Tiketi za ndege ndo kabisa. Mwaka 2020 Tony Abbott, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, aliweka Instagram picha ya pasi yake ya kupandia ndege, jamaa mmoja akachukua namba ya buking iliyokuwa inaonekana, akaingia nayo kwenye tovuti ya shirika la ndege, na humo ndani akakuta namba ya pasipoti na namba ya simu. Kwenye picha yenyewe hakukuwa na namba ya pasipoti! Kwa hiyo jiulize pia hicho kinachobaki wazi kinafungua mlango gani.

Na kama ni skrinishoti, angalia pembeni: jina la mtandao wa simu juu, notifikesheni iliyodondoka muda ule ule, majina ya tabo nyingine ulizofungua, na anwani ya ukurasa kule juu maana baadhi ya linki zinabeba ufunguo wa kuingilia akaunti. Kwa picha ya kamera ni vioo, miwani, plate za gari, bahasha iliyoachwa mezani. Zumu, pita taratibu kona mpaka kona.

Tengeneza kopi

Bonyeza kulia, kopi, pesti. Unafanya kazi kwenye kopi, orijino unaiacha ilipo. Hapa sina maneno mengi, siku ukisevu juu ya cheti chako cha pekee ndo utanikumbuka.

Mstatili mweusi, basi

Fungua kopi kwenye GIMP. Bonyeza herufi R kwenye kibodi, hiyo inakupa kifaa cha kuselekti mstatili. Kabla hujavuta chochote angalia chini kwenye mipangilio ya kifaa, kuna kisanduku cha "Feather edges", hakikisha hakina tiki, maana kikiwa na tiki kingo za mstatili wako zinafifia taratibu badala ya kukata moja kwa moja, na kwenye ule ufifizi herufi ya kwanza na ya mwisho zinachungulia.

Sasa vuta mstatili juu ya hicho unachoficha. Usiubane. Watu wanapenda kufunika namba kama soksi inavyobana mguu, halafu mikia ya herufi kama g na y inatokea kwa chini, mtu akiona mikia miwili na urefu wa neno anaanza kubahatisha. Funika mstari mzima kama inawezekana, hata zile sehemu nyeupe ambazo hazina kitu, ili urefu wa jina lako usijulikane. Sababu nyingine ya kuupanua ni kwamba picha za JPG zinagawanywa vipande vya pikseli 8 kwa 8 wakati wa kubanwa, na uchafu wa herufi moja unasambaa ndani ya kile kipande chote, vile vidoti vidoti unavyoviona ukizumu sana kuzunguka maandishi. Ukibana mstatili unafuta herufi lakini unaacha uchafu wake umeizunguka. Mimi naongeza kama pikseli 20 kila upande na silali na wasiwasi.

Halafu bonyeza D, hiyo inarudisha rangi kuwa nyeusi na nyeupe za kawaida. Kisha Ctrl na alama ya mkato (,) kwa pamoja, pale uliposelekti panajaa weusi. Nenda sehemu inayofuata, rudia. Ukimaliza zote Ctrl+Shift+A kuondoa selekti.

Ona sijatumia burashi. Burashi inakubalika lakini ina mambo yake, nyingine zina kingo laini, nyingine uzito wake wa rangi (opacity) umeshushwa na mtu aliyetumia kompyuta kabla yako we hujui, unapaka unaona peusi kumbe ni asilimia 90. Ule mstatili hauna siasa.

Na kitu kingine msikifanye, tafadhali, ni kutumia kifutio au kubonyeza Delete mpaka pabaki vile vidrafti vya kijivu na cheupe vinavyoonyesha hapana kitu. Picha yenye uwazi ina vitu viwili kwa kila pikseli, rangi na kiwango cha kuonekana, na kifutio kinaweza kugusa kile cha pili tu. Rangi inabaki pale pale imefichwa. GIMP yenyewe ina kifutio cha kurudi nyuma, kinachorudisha ulichofuta, na ukiekspoti PNG kuna chaguo la kusevu rangi za pikseli zisizoonekana. Yaani unamtumia mtu cheti chako kizima halafu umekiwekea pazia la kioo. Jaza rangi, usitoboe.

Na vipi kuhusu ukungu (blur) na vimraba (pixelate)?

Hapa ndo nabishana na watu sana maana vinapendeza, vinaonekana vya kitaalamu kama kwenye taarifa ya habari. Kwa maandishi na namba, hapana.

Fikiria jinsi vimraba vinavyotengenezwa. Programu inachukua eneo, tuseme pikseli 10 kwa 10, inajumlisha rangi zote humo inatafuta wastani, kisha inapaka eneo zima huo wastani. Haijafuta, imefupisha. Sasa kama chini kulikuwa na tarakimu 7, mtu anayetaka kujua hana haja ya kuirudisha ile 7, anachofanya ni kuandika mwenyewe 0, 1, 2 mpaka 9 kwa fonti ile ile na saizi ile ile, anazitia vimraba vile vile, halafu analinganisha ipi imetoka sawa na ya kwako. Majibu yanayowezekana ni kumi tu! Anahamia tarakimu inayofuata. Na hii sio nadharia, mwaka 2020 ilitoka programu ya bure inaitwa Depix inayofanya mchezo wa aina hiyo, na 2022 ikaja nyingine, Unredacter, ikaonyesha jambo hilo hilo kwa maandishi ya kawaida.

Ile athari ya kuzungusha picha kama maji yanayoingia kwenye tundu ni mbaya zaidi, maana pale pikseli zimehamishwa tu zilivyo. Mwaka 2007 Interpol walikuwa wanamtafuta mhalifu aliyekuwa anaweka picha mtandaoni sura yake ikiwa imezungushwa hivyo, polisi wa Ujerumani wakaizungusha kinyume, sura ikarudi inatambulika kabisa, na Oktoba mwaka huo huo akakamatwa Thailand. Alistahili, ila funzo la kiufundi lipo pale pale.

Kama ni lazima upate ule muonekano wa ukungu, labda bosi anataka hivyo, fanya ujanja huu: kwanza funika namba halisi kwa mstatili wa rangi ya karatasi, juu yake andika namba za uongo, unganisha leya zote (yaani tabaka za picha, nazieleza hapo chini), ndo utie ukungu. Atakayehangaika kufunua atafunua uongo.

Halafu kuna wale wanaoficha nusu. Kadi nyingi za benki zina tarakimu 16, mtu anaficha nne za mwisho anaona amejilinda. Nne zinatoa namba 10,000 zinazowezekana, lakini tarakimu ya mwisho kabisa ya kadi haiwekwi tu hivi hivi, inakokotolewa kutoka kwenye zile nyingine kwa kanuni inayoitwa Luhn, kwa hiyo zinabaki 1,000. Kompyuta inazimaliza kabla hujapepesa. Funika zote 16, na jina, na tarehe, na zile tatu za nyuma.

Kuunganisha leya na kuekspoti

Ukiweka mstatili kwenye leya yake ya juu, au umeandika kitu kwa kifaa cha maandishi, GIMP imevipanga kama karatasi zilizolaliana, mweusi juu na cheti chako chini mzima mzima. Nenda menyu ya "Image" ubonyeze "Flatten Image", zote zinakuwa karatasi moja. Na usimtumie mtu faili la XCF, ambalo ndo GIMP inasevu ukibonyeza Ctrl+S, lile linabeba leya zote kama zilivyo, mtu anazima leya ya juu kwa kubofya kijicho tu. Photoshop ni hivyo hivyo na PSD. Na ndo sababu mimi huwa sipendi kufunika vitu ndani ya PDF au Word kwa kuchora kiboksi cheusi, kile kiboksi kinakaa juu ya maandishi na maandishi yanabaki chini yanakopika. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump kule Marekani, waliwasilisha hati mahakamani imefunikwa hivyo, waandishi wa habari wakakopi, wakapesti, wakasoma kila kitu.

Bonyeza Ctrl+Shift+E, chagua PNG kama ni maandishi au JPG kama ni picha ya kawaida. Kwenye dirisha linalokuja utaona visanduku vya Exif, XMP na kijipicha kidogo cha utangulizi. Toa tiki zote. Exif ni zile taarifa ambazo kamera inaziandika kimyakimya ndani ya faili, aina ya simu, saa, na kama GPS ilikuwa imewashwa, mahali uliposimama. Desemba 2012 John McAfee, yule wa programu ya antivirus, alikuwa amejificha, jarida la Vice likaweka picha yake iliyopigwa na iPhone bila kusafisha hizo taarifa, watu wakasoma kwamba yuko Guatemala. Na kile kijipicha nacho kina ubaya wake, kuna programu zinaediti picha kubwa zikasahau kukibadilisha, ndani ya faili kinabaki kidogo chenye kila kitu kabla ya kufunika.

Kama faili limeshatoka na hujui lina nini, kwenye Windows bonyeza kulia, "Properties", "Details", kuna linki kule chini ya kuondoa taarifa binafsi. Wanaopenda kuandika amri watumie ExifTool, exiftool -all= picha.jpg, ila jua inakuachia pembeni faili jingine linaloishia na _original lenye taarifa zote, usije ukalituma hilo. WhatsApp ukituma kama picha inaondoa Exif, ukituma kama dokumenti faili linaenda lilivyo.

Kama una simu tu

Tumia umbo la mstatili lililojazwa rangi, sio kalamu, na kamwe sio hailaita. Kama kuna sehemu ya uzito wa rangi (opacity) ivute mpaka 100. Ukimaliza usitume hiyo picha uliyoediti moja kwa moja, maana kwenye iPhone na Google Photos kuediti kunakumbukwa kando na orijino inatunzwa, ndo maana unaweza kurudisha, na kuna njia za kutuma ambazo zinaibeba orijino pamoja. Ifungue ijae kwenye kioo, ipige skrinishoti, tuma skrinishoti. Inakuwa faili jipya ambalo halijawahi kuijua ile namba.

Kukropu pia nilikuwa nakuamini mpaka Machi 2023, walipotangaza kasoro waliyoipa jina aCropalypse, ya kiediti picha cha simu za Google Pixel. Ulikuwa ukikropu skrinishoti, programu inaandika picha ndogo juu ya faili la zamani lakini haikati mkia wa lile la zamani, kwa hiyo data ya sehemu uliyoikata inabaki kule mwisho na sehemu kubwa inafufuliwa. Siku chache tu ikagundulika na kifaa cha kukatia skrinishoti cha Windows 11 kina ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Zimeshatibiwa kwa apdeti, lakini picha zilizotumwa kabla zipo huko zilipo. Kwa hiyo kropu, sawa, ila sevu kama faili jipya lenye jina jipya.

Jivunjie mwenyewe kwanza

Fungua faili uliloekspoti, sio lile la kazi, kwenye programu nyingine tofauti. Vuta mwanga mpaka mwisho, vuta vivuli, shusha utofauti wa rangi. Kwenye GIMP kuna kali zaidi, menyu ya "Colors" halafu "Levels", kile kipembe cheupe cha kulia kisukume mpaka kigusane na cheusi cha kushoto. Chochote ambacho sio cheusi kamili kitalipuka kiwe cheupe. Mstatili ukibaki mweusi bila hata doa katikati, umepita. Kwa JPG unaweza kuona vidoti kingoni kabisa, hivyo ni vya kubanwa kwa picha mpya, lakini ukiona umbo linalofanana na herufi katikati rudi mwanzo. Halafu funga bila kusevu.

Na kama ulishaituma ile mbovu, ifute kwa wote mapema, na ulichofichua kama kinabadilika kibadilishe, nywila leo leo, kadi unaiambia benki waifunge. Kusubiri kuona kama kuna mtu ameona hakukusaidii.

Juzi nikamtumia yule yule jamaa karatasi nyingine, makusudi, mistatili mizito, leya moja, Exif hamna, nikamwambia haya fungua. Akakaa kimya kama nusu saa hivi. Halafu akaandika, "Leo nimesalimu amri kaka, namba sijaiona. Ila faili umeliita majina yako yote matatu na mwaka wa kuzaliwa."

Bonyeza F2 ubadili jina, andika picha1, halafu ndo utume.